Pakiti Kumi na Saba kwa Mwaka: Vidonge vya Uzazi na Maumivu ya Endometriosisi

Mwaka 1957 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kidonge kilichoitwa Enovid. Kiliidhinishwa kwa matatizo ya hedhi. Ilipita miaka mitatu, hadi 1960, ndipo kidonge hichohicho kikaruhusiwa kutumika kuzuia mimba, na kazi hiyo ya pili ndiyo iliyokipa umaarufu dunia nzima. Ya kwanza ikasahaulika. Leo binti wa miaka 17 akiingia kwenye duka la dawa Mbagala au Kisauni na kuomba vidonge vya majira kwa sababu daktari amemwandikia kwa ajili ya maumivu ya tumbo la hedhi, atapewa pakiti pamoja na jicho la pembeni.

Jicho hilo limewafanya wengi waache dawa kabla haijaanza kazi. Wengine wameiacha kwa sababu nyingine: walielekezwa kuimeza jinsi anavyoimeza mwanamke anayepanga uzazi, hawakuona nafuu, wakahitimisha kuwa haifai. Kumbe endometriosisi inahitaji vidonge hivi vitumike kwa mpango wake wenyewe, wenye muda wake wa majaribio na masharti yake, na pia siku ya kukubali kwamba havijafua dafu.

Endometriosisi ni ugonjwa ambao nyama laini inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo: kwenye ovari, kwenye mirija, nyuma ya mfuko wenyewe, juu ya utumbo au kibofu, na mara chache hata kifuani. Nyama hiyo hufuata homoni za mwezi kama utando halisi unavyofuata. Estrojeni ikipanda, inakua. Siku za hedhi zikifika, inavimba na kuvuja damu isiyo na njia ya kutokea. Hapo ndipo yanapoanza makovu, viungo kushikamana, na uvimbe wa ovari uliojaa damu nzee, ambao kwa rangi yake madaktari huuita uvimbe wa chokoleti. John Sampson, daktari wa Albany katika jimbo la New York, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina na kuupa jina lake miaka ya 1920. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190, karibu mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa.

Afrika Mashariki wengi wao wanaambiwa wana chango. Wanachemshiwa mizizi, wanakandwa, wanaambiwa wavumilie maana hata mama zao walivumilia. Wengine hupita zahanati moja hadi nyingine wakitibiwa UTI isiyopona au maambukizi ya nyonga ambayo hakuna kipimo kilichoyaona, wakimaliza dozi moja ya antibiotiki na kuanza nyingine. Na juu ya yote kuna ule ushauri wa baraza la shangazi: azae, yatakwisha. Kwa baadhi ya wanawake mimba hupunguza maumivu kwa muda, kwa kuwa hedhi husimama. Haiponyi ugonjwa, na kumwambia hivyo mtu ambaye huenda ugonjwa huohuo ndio unaomchelewesha kushika mimba ni kumtonesha kidonda.

Wanawake wawili wamefanya mengi kuutoa ugonjwa huu gizani katika eneo hili. Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001 aliyefanya kazi ya uanamitindo Afrika Kusini na Marekani, amesimulia hadharani miaka yake ya maumivu na upasuaji uliozidi mara kumi, tena katika nchi ambayo hedhi ilikuwa habari ya chumbani. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume. Nchini Kenya, Njambi Koikai, mtangazaji wa redio na mshereheshaji aliyependwa na mashabiki wa rege, alikuwa na ugonjwa uliofika hadi kifuani. Mapafu yake yalinywea mara kwa mara, na mwaka 2018 alikwenda Atlanta kwa upasuaji baada ya Wakenya kumchangia. Alifariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024.

Visa hivyo viwili ni vya ugonjwa mkali, na ni vyema visemwe mapema ili mtu asidhani pakiti ya vidonge inamtosha kila mgonjwa. Haimtoshi. Kwa wengi, hata hivyo, ndiyo dawa ya kwanza ya kujaribu, na katika nchi ambazo upasuaji wa matundu madogo hupatikana hasa kwenye hospitali kubwa za mijini, ndiyo iliyo karibu na mkono.

Zamani madaktari walisisitiza kwamba mgonjwa hawezi kuanza dawa mpaka tumbo lichunguzwe kwa kamera. Msimamo huo umelegea. Mwongozo wa jumuiya ya wataalamu wa uzazi ya Ulaya, ESHRE, uliotolewa mwaka 2022, unakubali kwamba mwenye dalili zinazoelekeza kwenye endometriosisi anaweza kuanzishiwa matibabu ya homoni bila kungoja kamera, na unakumbusha kuwa ultrasaundi au MRI safi haimaanishi ugonjwa haupo. Hili lina faida kubwa kwa mgonjwa wa Sumbawanga au Garissa. Akiwa na maumivu yanayomlaza kila mwezi, maumivu ya nyonga hata nje ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, au maumivu ya kwenda haja kubwa yanayozidi siku za hedhi, ana haki ya kumuuliza daktari: je, hii inaweza kuwa endometriosisi, na je, tunaweza kuanza homoni huku tukingoja vipimo zaidi?

Atakayekwenda na maandishi atasikilizwa haraka zaidi. Daftari dogo linatosha: tarehe ya hedhi, maumivu kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, dawa alizomeza, siku alizokosa shule au kazi, na kama choo au mkojo vilikuwa na damu siku hizo. Miezi miwili au mitatu ya maandishi hayo humweleza daktari mambo ambayo sentensi ya "tumbo linaniuma sana" haiwezi kuyaeleza. Daftari hilohilo litatumika baadaye kupima kama dawa inafanya kazi, kwa sababu kumbukumbu ya maumivu hudanganya. Mtu aliyepata nafuu ya nusu husahau alikotoka.

Wazo la kutumia homoni dhidi ya ugonjwa huu lilijaribiwa mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Robert Kistner wa Boston aliwapa wagonjwa wake homoni mfululizo kwa miezi kadhaa ili miili yao ifanye kana kwamba ina mimba: yai lisipevuke, hedhi isije, na nyama iliyoota pasipo pake isinyae. Dozi za wakati ule zilikuwa nzito. Kidonge cha Enovid cha miligramu 10 kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni ya aina ya mestranoli. Vidonge mchanganyiko vya kawaida leo, vya jamii ya Microgynon na Femiplan, vina mikrogramu 30 za ethinili estradioli pamoja na mikrogramu 150 za levonogestreli. Kichefuchefu na maziwa kuuma walikokulalamikia bibi zetu kulikuwa na sababu.

Kinachofanyika mwilini ni hiki. Kidonge kinazituliza ovari zisipevushe yai. Projestini iliyomo huufanya utando wa mfuko wa uzazi, na ule ulioota nje, uwe mwembamba na mtulivu. Utando ukiwa mwembamba hutoa prostaglandini kidogo, na prostaglandini ndizo kemikali zinazoukamua mfuko wa uzazi mpaka mgonjwa anajikunja kitandani. Damu hupungua, maumivu hupungua. Ugonjwa wenyewe haung'oki. Ni kama kufunika jiko la mkaa kwa majivu: joto linashuka, lakini makaa yamo. Mgonjwa akiacha vidonge, dalili mara nyingi hurudi, na mtu asiyeambiwa hivyo tangu mwanzo atadhani ametapeliwa. Uvimbe mkubwa wa chokoleti hautayeyushwa na vidonge, na makovu yaliyokwisha kuviunganisha viungo hayatafunguka.

Kabla ya kidonge cha kwanza kuna maswali ambayo hayapaswi kurukwa, hata pale ambapo muuzaji wa dawa yuko tayari kuuza bila kuuliza chochote. La kwanza ni presha. Mashine ya kupimia inapatikana karibu kila kituo cha afya, na kipimo kinachukua dakika tano. Presha iliyofika 140/90 inaviweka vidonge vyenye estrojeni katika kundi la dawa zisizoshauriwa kwa kawaida. Ikifika 160/100 ni marufuku kabisa. La pili ni kichwa. Kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, mistari ya mwanga au ganzi ya upande mmoja wa mwili kinaongeza hatari ya kiharusi kwa anayemeza estrojeni, na mwenye nacho asivitumie vidonge hivyo. La tatu ni damu kuganda: aliyewahi kupata donge la damu mguuni au kwenye mapafu, kiharusi au ugonjwa wa mishipa ya moyo, anatafutiwa njia isiyo na estrojeni. Vidonge vyenye estrojeni havimfai pia mwenye saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini, mama aliyejifungua ndani ya wiki sita na ananyonyesha, na mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35.

Kuna orodha nyingine inayosahaulika zaidi, ya dawa zinazopigana na vidonge. Rifampisini ya kifua kikuu huliharakisha ini likaziondoa homoni mwilini kabla hazijafanya kazi. Ndivyo ilivyo kwa baadhi ya dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, na kwa baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU. Mgonjwa aeleze kila anachomeza, dawa za mitishamba zikiwemo, hata kama anaona haya. Mwenye selimundu naye aseme, kwa kuwa kwake njia zenye projestini pekee ndizo zinazopewa nafasi ya mbele.

Hofu ya damu kuganda imesambaa sana mitandaoni, hivyo inafaa iwekewe namba. Katika wanawake 10,000 wasiotumia homoni na wasio wajawazito, wapatao wawili hupata donge la damu kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vyenye levonogestreli idadi hiyo ni watano hadi saba. Kwa vidonge vyenye drospirenoni au desogestreli pamoja na estrojeni ni tisa hadi kumi na wawili. Ujauzito wenyewe una hatari kubwa kuliko vyote hivyo. Kwa hiyo yule anayeona pakiti ya kituo cha serikali ni ya kimaskini, akatafuta yenye boksi la kupendeza kwenye famasia ya mjini, hajajinunulia usalama zaidi. Levonogestreli ni ya zamani, ni ya bei ndogo, na kwa upande wa damu kuganda ndiyo yenye rekodi nzuri.

Sasa jambo linalowachanganya watu wengi kuliko lolote: jinsi ya kumeza.

Pakiti nyingi zinazotolewa Tanzania na Kenya zina vidonge 28. Vya kwanza 21 vina homoni. Saba vya mwisho, vya rangi tofauti, vina madini ya chuma tu. Mwanamke anapofika kwenye vile saba, homoni hushuka na damu hutoka. Kwa anayepanga uzazi hilo si tatizo, na wengine hufurahi kuiona damu kwa kuwa inawahakikishia hawana mimba. Kwa mwenye endometriosisi zile siku saba ndizo siku za mateso kurudi. Amemeza mwezi mzima ili kutuliza kitu ambacho mwishoni mwa pakiti kinaachiwa tena.

Ndiyo maana madaktari wengi humwambia avitupe vile saba na kuingia moja kwa moja kwenye pakiti mpya. Huko ndiko kumeza mfululizo. Damu inayotoka kwenye wiki ya vidonge vya chuma si hedhi halisi. Ni utando kumomonyoka baada ya kunyimwa homoni. Pasipo utando kujijenga, hakuna damu inayojikusanya. Hofu kwamba uchafu utabaki tumboni na kuoza, au damu itapanda kichwani, haina msingi katika umbile la mwili. Mwaka 2019 chuo cha wataalamu wa afya ya uzazi cha Uingereza kilitamka wazi kwamba mapumziko ya siku saba hayana faida yoyote kiafya.

Wanawake wa pwani wana ushahidi wao wa siku nyingi. Mahujaji wamekuwa wakimeza vidonge vya kuahirisha hedhi ili wakamilishe ibada Makka, na wapo wanaofanya hivyo mwezi wa Ramadhani. Tofauti ni kwamba mwenye endometriosisi anaahirisha kwa miezi au miaka, na kwa ridhaa ya daktari. Muda anaomeza nao unapangika: mfungaji anaweza kuhamishia kidonge chake kwenye futari au daku, mradi saa isibadilikebadilike. Vidonge vya projestini pekee vya aina ya zamani, kama Microlut, ni vikali zaidi kwa saa. Vikichelewa zaidi ya saa tatu kinga yake dhidi ya mimba hulegea.

Hesabu ya pakiti inafaa ifanywe kabla ya kuanza. Anayemeza kwa mtindo wa kawaida hutumia pakiti 13 kwa mwaka. Anayemeza mfululizo, akitupa vile saba, hutumia 17 au 18. Muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango anayegawa pakiti tatu kwa miezi mitatu atashangaa kumwona mtu amerudi baada ya wiki tisa, na huenda akamshuku anawagawia wenzake. Dawa ya hilo ni karatasi: daktari aandike kwenye kadi kwamba vidonge ni vya kutibu endometriosisi, vinamezwa mfululizo, bila mapumziko. Katika vituo vya serikali vya Tanzania na Kenya vidonge vya uzazi wa mpango hutolewa bure, kwa hiyo karatasi hiyo inaokoa fedha na maneno. Na kwa kuwa stoo huishiwa mara nyingine, pakiti moja ya akiba iwekwe nyumbani.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayowashinda wengi. Matone ya damu hutokea siku isiyotarajiwa, na kwa anayemeza mfululizo ni jambo la kawaida sana mwanzoni, mwili unazoea. Matiti hujaa, tumbo huwa na kichefuchefu, hisia hupanda na kushuka. Kumeza usiku baada ya kula hupunguza kichefuchefu. Kama matone yamegeuka damu ya siku nne au tano isiyokata, daktari anaweza kumwelekeza asimame siku nne kisha aendelee, na mara nyingi hilo hulimaliza tatizo. Kosa ni kuacha wiki ya pili, kurudia wiki ya tano, kisha kuacha tena. Majaribio ya haki ni miezi mitatu, na kwa anayeona nafuu ndogo ndogo, sita. Aidha, mtu aliyekuwa akisahau vidonge akipata damu isiyo ya kawaida apimwe kwanza mimba, na damu ya kila mara ambayo haijawahi kuchunguzwa isifunikwe kwa vidonge kabla chanzo chake hakijatafutwa.

Wakati huohuo dawa ya maumivu haijapigwa marufuku. Ibuprofeni huzuia prostaglandini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa maumivu yakiwa yanaanza kuliko yakishapamba moto. Imezwe na chakula, na mwenye vidonda vya tumbo au tatizo la figo aiepuke. Anayejikuta anaihitaji kila siku ameshapata jibu kwamba homoni peke yake haijatosha.

Si vidonge vyote vya duka la dawa vinavyohusiana na uzazi vinafanya kazi hii. P2, kidonge cha dharura, kina dozi kubwa ya levonogestreli kwa ajili ya mara moja. Kukimeza kila hedhi inapouma hakutibu chochote na huvuruga mzunguko.

Dalili chache hazingoji miadi: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, kifua kuuma ghafla au pumzi kukata, kichwa kuuma kuliko mtu alivyowahi kuumwa, macho kupoteza nuru, ulimi kuwa mzito. Aache vidonge na aende hospitali saa hiyohiyo. Na anayebanwa na kifua au kukohoa damu kila zinapofika siku zake za hedhi aliseme hilo kwa sauti, hata kama hajawahi kumeza kidonge. Ugonjwa wa kifuani hukosa kutambuliwa kwa sababu hakuna anayeuliza kalenda.

Limebaki lile linaloumiza zaidi majumbani, kizazi. Simulizi ni ileile kuanzia Tanga hadi Kisumu: fulani alimeza vidonge miaka minne, akaolewa, akaacha, mimba haikuja, vidonge vimemharibu. Simulizi hizo husadikika kwa sababu nusu yake ni kweli. Mimba inaweza kweli kuchelewa. Lakini uwezo wa kushika mimba hurudi upesi baada ya kuacha vidonge, kwa wengi ndani ya miezi michache, na waliotumia miaka mingi hawachelewi kuliko waliotumia muda mfupi. Kilichokuwepo kabla ya vidonge, wakati wa vidonge na baada ya vidonge ni endometriosisi, ambayo huvimbisha, hukunja mirija na kuzizonga ovari. Vidonge vilituliza maumivu, ugonjwa ukawa kimya. Vilipoachwa, ugonjwa ukaonekana, na lawama ikakiangukia kilicho karibu. Binti wa miaka 18 anayeanzishiwa vidonge aelezwe hivyo mbele ya mama yake, na ikiwezekana mama ndiye aulize maswali.

Upande wa pili wa shilingi husemwa mara chache. Vidonge haviongezi nafasi ya kushika mimba. Mwongozo wa ESHRE unapinga kumpa mgonjwa homoni za kuzituliza ovari kwa lengo la kumsaidia azae baadaye. Mwanamke wa miaka 34 anayetaka mtoto sasa asikae mwaka mzima kwenye vidonge akidhani anausafisha mfuko wa uzazi. Anayoyahitaji ni daktari wa uzazi, vipimo vyake na vya mume wake, na mpango wenye tarehe. Na mchumba au mume anayeona pakiti kwenye mkoba anastahili maelezo mafupi kabla hajayatunga ya kwake: ni dawa ya maumivu, itaachwa siku wakiamua kutafuta mtoto. Haikingi VVU wala maradhi mengine ya zinaa, kwa hiyo kondomu haijastaafu.

Kuhusu saratani, picha ina pande mbili. Hatari ya saratani ya matiti hupanda kidogo kwa anayetumia na hushuka taratibu baada ya kuacha. Hatari ya saratani ya ovari na ya utando wa mfuko wa uzazi hushuka, na kinga hiyo hudumu miaka mingi. Kwa wenye endometriosisi, ambao hatari yao ya saratani ya ovari iko juu kidogo kuliko ya wengine, hilo si jambo dogo.

Miezi sita ikipita bila nafuu ya maana, daftari lifunguliwe mezani kwa daktari. Kuna hatua nyingine. Dienogesti ya miligramu mbili kwa siku imetengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu, lakini bei yake ni ya kuumiza na hupatikana zaidi kwenye famasia za miji mikubwa. Norethisteroni ya miligramu tano, ile wanayoijua mahujaji, hutumika pia kwa muda mrefu. Aliyewahi kuganda damu aseme, kwa kuwa katika dozi kubwa sehemu yake hugeuka estrojeni mwilini. Kitanzi chenye homoni hukaa miaka kadhaa na kumwondolea mtu mzigo wa kukumbuka kila siku. Sindano ya miezi mitatu ni ya bei nafuu na inapatikana hadi vijijini, ila hupunguza uzito wa mifupa kadiri miaka inavyokwenda na huchelewesha mimba baada ya kuachwa, kwa hiyo si chaguo zuri kwa anayetaka mtoto mwakani. Dawa za kuzima ovari kabisa, za sindano au za vidonge vipya kama elagoliksi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ni za mkono wa bingwa.

Maumivu kutulia nako kusimzubaishe mtu. Ugonjwa ulioingia ndani unaweza kuubana mrija wa mkojo unaotoka kwenye figo bila kelele nyingi, hivyo mwenye uvimbe wa ovari au ugonjwa unaojulikana kufika kwenye utumbo au kibofu apigwe ultrasaundi kwa vipindi anavyopangiwa, hata kama anajisikia mzima. Presha nayo ipimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Anayeishia kwenye upasuaji asidhani ameagana na homoni. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2024 uliwafuata wanawake 405 kwa miaka mitatu baada ya kufanyiwa upasuaji wa endometriosisi. Baadhi walipewa vidonge mchanganyiko, wengine sindano au kitanzi chenye homoni. Maumivu yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40 katika makundi yote mawili, ila waliotumia sindano au kitanzi walirudi chumba cha upasuaji mara chache zaidi. Hivyo yule asiyepanga kushika mimba karibuni amuulize daktari, kabla ya kutoka wodini, ataanza homoni gani na siku gani, na jibu liandikwe kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa.